Mifuko ya Unga, Vitabu vya Bure na Makopo ya Mafuta: Historia Yenye Tunaitupa Kila Mwezi

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nimechagua historia ya kitu kidogo sana, kitu chenye hakuna mwalimu anakifundisha: karatasi, mifuko, makopo na vitabu vidogo vyenye vinakuja pamoja na chakula. Chakula kinaliwa, kinaisha. Lakini mfuko unabaki na maandishi yake, na mtu mwenye anajua kusoma maandishi hayo anaweza kujua mambo mengi: nani alitaka kukuuzia, nani alitaka umshukuru, nani alitaka ukule kidogo ili chakula kiende kwa mwingine.

Kuna watu duniani wenye wanakusanya vitu hivyo. Si wenda wazimu. Kuna vyuo vikuu vikubwa vyenye vimejenga vyumba maalumu vya kuvitunza. Basi twende polepole.

Mtu wa jalalani

Pale Oxford, Uingereza, kulikuwa mzee mmoja anaitwa John Johnson, alizaliwa 1882 na kufa 1956. Alipokuwa kijana, mbele ya Vita ya Kwanza ya Dunia, alikuwa Misri. Kazi yake ilikuwa kuchimba majalala ya zamani sana na kutafuta karatasi za mafunjo. Watu wa Misri wa kale walitupa barua, risiti, hesabu za ngano, na miaka elfu na zaidi baadaye wataalamu wanaziokota kama dhahabu.

Johnson akajiuliza: kama takataka ya wale ni hazina kwetu, mbona sisi tunachoma takataka yetu? Aliporudi kwao akawa mkuu wa kiwanda cha kuchapa cha chuo kikuu, akaanza kuokota kila kitu chenye watu walitupa: matangazo ya sabuni, karatasi za kufungia chai, lebo za makopo, tikiti. Wenzake walimcheka. Mwaka 1968 mkusanyo wake ulihamishiwa maktaba ya Bodleian, na leo una vipande zaidi ya milioni 1. Mtu mwenye anataka kujua Waingereza wa kawaida walikula nini na walidanganywa vipi na wauzaji, anakwenda pale.

Mkono wa kwanza: kampuni

Karatasi za chakula zinatoka katika mikono miwili, kampuni na serikali. Tuanze na kampuni.

Mwaka 1865 ilianzishwa kampuni ya Liebig. Ilikuwa inachemsha nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, nchi ya Uruguay, mpaka inabaki kama uji mzito mweusi wa kuweka kwenye supu. Ulaya hawakuzoea kitu hicho. Kampuni ikatoa kadi ndogo zenye picha nzuri za rangi, upande wa nyuma tangazo. Zilikuja kwa seti, mara nyingi kadi 6. Ukipata 5, roho haitulii mpaka upate ya 6, na kuipata ni lazima ununue tena. Hapo ndipo ujanja ulipo. Kadi hizo zilianza katika miaka ya 1870 na ziliendelea mpaka 1975. Watoto wengi wa Ulaya waliona picha za nchi za mbali, hata za Afrika yetu, mara ya kwanza kwenye kadi ya supu. Kwa hiyo kama unataka kujua Mzungu wa zamani alitufikiriaje, usiangalie tu vitabu vya wakubwa. Angalia na kadi za jikoni.

Marekani nako, mwaka 1897, mtu mmoja wa mji mdogo wa LeRoy, jimbo la New York, alitengeneza unga wa jeli wenye unachanganya na maji moto tu. Mke wake akaupa jina Jell-O. Haukuuzika. Mwaka 1899 wakauza jina na kila kitu kwa jirani yao, Orator Woodward, kwa dola 450. Woodward akajua shida haikuwa unga. Shida ilikuwa kwamba mama wa nyumbani hakujua aufanye nini. Akatuma wauzaji wapite mlango kwa mlango wakigawa bure vitabu vidogo vya mapishi. Dukani wenye maduka wakashangaa wamama wanakuja kuuliza Jell-O wenyewe. Vitabu hivyo leo vinakusanywa, na LeRoy kuna makumbusho ya Jell-O.

Kampuni ya Procter & Gamble ilifanya vilevile na mafuta yake Crisco, yaliyotoka 1911, ya kutengenezwa kwa mbegu za pamba. Mwaka 1913 wakatoa kitabu chenye mapishi 615. Lakini mimi kilichonigusa ni kile cha mwaka 1933, cha nyumba za Wayahudi, kimeandikwa Kiyidishi upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Wayahudi wengi walikuwa wahamiaji, wamekimbia dhuluma Ulaya ya Mashariki. Hawali mafuta ya nguruwe, na hawachanganyi nyama na maziwa. Kampuni ikaona: mafuta yetu ni ya mmea, hawa ni wateja. Ikawaandikia kwa lugha yao ya mama.

Hapa nataka tusimame kidogo. Tusidanganyane, kampuni ilitafuta pesa. Lakini mama mwenye amefika nchi ya watu, hajui lugha, anashika kitabu chenye kinamwambia "karibu" kwa maneno ya bibi yake, kwake si kitu kidogo. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mkono wa pili: serikali

Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani. Wakaunda ofisi ya kusimamia chakula, mkuu wake Herbert Hoover, yule mwenye baadaye alikuwa rais. Hoover hakutaka kulazimisha watu kwa kadi za mgao. Alitaka wajinyime wenyewe. Silaha yake ilikuwa karatasi: mabango, vipeperushi, kadi za kuweka dirishani zenye kuonyesha kwamba nyumba hii imeahidi kuokoa chakula. Kulikuwa siku za kukaa bila nyama na siku za kukaa bila ngano.

Bango moja la mwaka huo, la mchoraji Charles Edward Chambers, linaonyesha wahamiaji wako kwenye meli, wanaangalia New York na ile Sanamu ya Uhuru. Ujumbe wake ni huu: ninyi mlikuja hapa kutafuta uhuru, sasa saidieni kuulinda, ngano inahitajika kwa washirika wetu, msipoteze kitu. Lilichapwa kwa Kiingereza, na pia kwa Kiyidishi na Kiitaliano. Sisi wakimbizi tunaijua sauti hiyo: "Tumekupokea, sasa onyesha kwamba unastahili." Inabembeleza na inadai kwa pumzi moja.

Waingereza walifuata njia ingine. Tarehe 8 Januari 1940 mgao ulianza kwa kadi: nyama ya nguruwe, siagi, sukari. Wizara ya Chakula ikatoa vipeperushi vingi vya mapishi, na katuni za viazi na karoti zenye mikono na miguu, ili watu wale chenye kinalimwa kwao. Waziri, Lord Woolton, mpaka jina lake likapewa pai ya mboga bila nyama. Mgao wa Waingereza uliisha tarehe 4 Julai 1954. Hesabu: ni zaidi ya miaka 14. Kwa hiyo kijana, ukiona aibu kushika kadi ya chakula, kumbuka kwamba Waingereza wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na kadi. Leo kadi zile ziko makumbusho, watoto wa shule wanapangwa mstari kuziangalia.

Mifuko ya Ubelgiji

Sasa nifike kwenye sehemu yenye ilinifanya niandike.

Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Ubelgiji. Nchi ile ilikuwa inanunua sehemu kubwa ya nafaka yake ng'ambo. Wajerumani hawakutaka kulisha raia, na Waingereza walifunga bahari ili adui asipate kitu. Watu wakabaki katikati na njaa. Oktoba 1914 ikaundwa Tume ya Misaada kwa Ubelgiji, mkuu wake ni huyu huyu Hoover. Mpaka vita inaisha ilikuwa inalisha watu zaidi ya milioni 9, Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa. Mambo mengi yenye tunayaona leo kambini, yaani orodha, mgao, stoo, watu wa nje wa kuhakikisha chakula hakichukuliwi na askari, yalifanywa kwa ukubwa kule.

Unga ulitoka Amerika kwenye mifuko ya pamba. Huko Minneapolis kulikuwa mhariri wa gazeti la wenye vinu, William Edgar. Aliwaomba wenye vinu wachange unga, na akasisitiza uwekwe kwenye mifuko ya pamba imara, ya pauni 49, ili unga ukiisha mama ashone nguo. Kila kinu kikachapa jina lake, mji wake na picha yake kwenye mfuko. Lilikuwa sadaka na tangazo pamoja.

Mifuko ikafika Ubelgiji, ikahesabiwa mmoja mmoja. Kwa nini? Kwanza, pamba inaweza kutengeneza baruti, na hawakutaka iende kwa Wajerumani. Pili, waliogopa mlanguzi atajaza unga mbaya katika mfuko mzuri na kuuza kama unga wa msaada. Wenye wamefanya kazi ya kugawa chakula hapa wanacheka, najua. Hakuna kitu kipya chini ya jua.

Mifuko mitupu ikapelekwa kwenye vyumba vya kushona, Brussels, Antwerp na miji mingine. Wanawake wa Ubelgiji, wengi walikuwa mafundi wa lesi na kazi ya viwanda imekufa, wakashona nguo, mito, mifuko ya mkononi. Halafu wakafanya jambo lingine. Wakachukua lile tangazo la kinu, wakafuata herufi zake kwa uzi wa rangi, wakaongeza maua, bendera, mwaka, na neno la asante kwa Kifaransa na Kiflamandi. Mingine ilitumwa Amerika kama zawadi, mingine iliuzwa kupata pesa za kusaidia wenye shida na wafungwa wa vita. Mamia ya mifuko hiyo leo imetunzwa katika maktaba ya Hoover kule West Branch, jimbo la Iowa.

Fikiri mtu amepokea msaada. Juu ya msaada kuna jina la mtoaji, kubwa, limechapwa. Hawezi kulifuta. Anachukua sindano, anaandika na yeye juu yake. Baada ya miaka 100 na zaidi, watu hawaendi kuangalia jina la kinu. Wanaenda kuangalia kazi ya mikono yake.

Lakini sisi watu wa Congo hatuwezi kuimaliza hadithi hii hapo. Nani aliongoza kamati ya Wabelgiji wenyewe ya kugawa chakula kile? Ni Émile Francqui. Jina hilo wazee wetu wanalijua. Alikuja Congo akiwa afisa kijana, akawa mmoja wa viongozi wa msafara wa Katanga wa 1891 mpaka 1893, na mji wa Ilebo uliitwa Port-Francqui wakati wa ukoloni. Mtu mmoja: huku mshindi wa nchi za watu, kule mlisha watu wake.

Na wakati ule ule, mwaka 1916, jeshi la Congo ya Wabelgiji lilitoka upande wa Kivu, likapita Rwanda na Burundi, likaingia Tabora mwezi wa Septemba. Chakula na risasi vilibebwa vichwani na wapagazi, maelfu kwa maelfu, babu zetu na babu za majirani zetu. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Kwa mifuko ya Ubelgiji kuna makumbusho. Kwa mizigo ya wapagazi, karibu hakuna kitu cha kushika mkononi. Si kwa sababu hawakuwa watu. Ni kwa sababu hakuna mwenye aliona mzigo wao ni wa kutunza.

Picha zenye zinauma

Kukusanya si kutafuta vizuri tu. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, kampuni ya unga wa chapati ilimwajiri Nancy Green, mwanamke mwenye alizaliwa utumwani Kentucky, aigize "Aunt Jemima", mpishi mweusi mwenye furaha ya kutumikia. Sura hiyo ilikaa kwenye maboksi zaidi ya miaka 100, mpaka jina likaondolewa 2021. Nancy Green alikufa 1923, na kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka 2020. Ufaransa nako, Banania, unga wa kakao na ndizi, tangu 1915 uliuzwa kwa picha ya askari wa Senegal anachekacheka, wakati askari kama yeye walikuwa wanakufa kwenye mahandaki. Senghor, mshairi mwenye alikuwa rais wa kwanza wa Senegal, alikasirika na kicheko hicho mpaka akakitia katika ushairi wake.

Wengine wanasema vitu hivyo vichomwe. Mimi naona vitunzwe, lakini vitunzwe na maelezo. Ukikichoma, kesho mtu atakuambia haikuwa hivyo.

Na sisi?

Siku 6 tu baada ya Waingereza kumaliza mgao, tarehe 10 Julai 1954, rais Eisenhower wa Marekani alitia sahihi sheria ya kupeleka nafaka ya ziada ya wakulima wao katika nchi za nje. Kutoka sheria hiyo ndiyo ikaja programu ya Chakula kwa Amani. Mwaka 1961 ikaundwa USAID, na mwaka huo huo PAM, yaani WFP. Kwa hiyo lile kopo la mafuta lenye mikono miwili inashikana na maandishi ya kusema ni kutoka kwa watu wa Marekani, ni mtoto wa ukoo mrefu: mkulima mwenye mahindi mengi, serikali yenye inatafuta marafiki, na mtu mwenye njaa. Wote watatu wamo kwenye kopo moja.

Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilifungwa, kazi zake zenye zilibaki zikaenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Habari hizo tulizisikia tumboni, sina haja ya kueleza. Lakini angalia: kopo lile sasa limekuwa kitu cha historia. Halitengenezwi tena kama zamani. Katika kambi nyingi za ukanda wetu makopo hayo yalipasuliwa yakawa milango, mabati, mbabula za makaa. Katika bloku yetu kuna mama mmoja anatunza mbegu za lengalenga ndani ya kopo la namna hiyo, amelifunika na kitambaa. Nilimuuliza mbona halitupi. Akasema: "Mwanangu, hili lilinipokea nikiwa na mtoto mgongoni. Sasa mtoto ana mtoto."

Hiyo ni historia, na haimo katika ripoti yoyote. Ripoti inaandika tani. Haiandiki kwamba watu walijifunza kupika bulga kama wali, kwamba njegere za manjano zilichukua makaa mengi mpaka watu wakauza nusu kununua makaa, kwamba mifuko ilishonwa ikawa begi za shule.

Basi ninapendekeza tuanze mkusanyo wetu. Hauhitaji mradi wala bajeti. Namna ya kufanya:

1. Chukua mfuko, kopo, kipeperushi au bango lenye limetolewa wakati wake. Ukikosa kulichukua, piga picha pande zote mbili.

2. Andika kwa daftari: kilipatikana wapi, mwezi gani na mwaka gani, kilikuwa na chakula gani, kilo ngapi, kilitoka nchi gani. Kitu bila maelezo ni takataka tena.

3. Uliza mtu mmoja mzima: mlikipikaje? Mlikitumia kwa nini baada ya hapo? Andika maneno yake kama alivyosema, kwa lugha yake, Kiswahili, Kibembe, Kirundi, Kinyarwanda, Kishi, yote sawa. Jina lake usiandike bila ruhusa.

4. Kadi za chakula zenye bado zinafanya kazi usiziguse. Na hata ya zamani, usionyeshe picha yenye jina, namba au sura ya mtu. Namba ya mtu ni maisha yake.

5. Tunza mahali pakavu, juu ya ardhi. Mchwa na panya hawaheshimu historia. Mfuko ukung'utwe na kuanikwa kwanza, kopo lioshwe mafuta yote.

6. Usichague vyenye vinapendeza tu. Tunza na tangazo la kupunguza mgao, tunza na kipeperushi chenye kiliandikwa vibaya mpaka hakuna mwenye alikielewa.

Nanyi ndugu wa mashirika, mnapobadilisha mabango au kufunga ofisi, msichome kila kitu. Tupeni nakala moja moja. Na mnapoandika kipeperushi kipya cha lishe, kumbukeni wale wa Kiyidishi: mtu anasoma vizuri zaidi kile chenye kinaongea lugha ya jikoni kwake.

Wabelgiji walikula unga wa msaada, Waingereza walishika kadi miaka 14, Wayahudi wahamiaji walifundishwa mafuta mapya kwa kitabu cha bure. Karatasi zao tunaziona leo kwa sababu kulikuwa mtu alisema: hii tusitupe. Kwetu mtu huyo bado hajaonekana. Anaweza kuwa wewe. Siku ya mgao yenye inakuja, ukimaliza kumimina unga, soma mfuko kwanza, pande zote mbili, halafu fungua daftari.